Moton ya Farmville: Tarehe ya Shule na Fungu Lake

Farmville ni mji mdogo wa jimbo la Virginia, makao makuu ya Kaunti ya Prince Edward, ambao zamani ulizungukwa na mashamba ya tumbaku. Katika kaunti hiyo alikulia Robert Russa Moton, aliyemrithi Booker T. Washington kuiongoza Taasisi ya Tuskegee, na shule ya sekondari ya watoto Weusi wa Farmville ikapewa jina lake. Sheria ya Virginia ilikataza watoto Weusi na Wazungu wasisome pamoja. Kwa hiyo shule za umma zilikuwa za namna mbili, lakini mfuko uliozilisha ulikuwa mmoja, na funguo zake zilishikwa na Wazungu peke yao. Anayetaka kuielewa tarehe ya Moton na aufuate mfuko huo.

Watoto Weusi hawakupewa masomo ya sekondari kwa ukarimu wa mtu. Tangu miaka ya 1920, wanawake Weusi wa mji huo, chini ya baraza lililoongozwa na Martha Forrester, waliidai kaunti iwaongezee watoto wao madarasa ya juu. Jengo la matofali la Moton lilisimama mwaka 1939. Lilikusudiwa wanafunzi 180, nalo halikuwa na ukumbi wa michezo, bwalo la chakula wala maabara ya sayansi. Shule ya Wazungu ya mji huohuo ilikuwa na vitu hivyo.

Kufikia 1950 wanafunzi walikuwa wamezidi 450. Wazazi waliomba shule mpya, na bodi ya shule ikawajibu kwa vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya lami. Waliopita barabarani waliviona kama mabanda ya kuku. Mvua ikinyesha, paa zilivuja. Wakati wa baridi aliyekaa karibu na jiko alitokwa jasho, na aliyekaa mbali alisoma amevaa koti. Mwalimu mkuu, Boyd Jones, pamoja na Mchungaji L. Francis Griffin wa Kanisa la First Baptist, waliipelekea bodi ombi baada ya ombi. Kila mara waliambiwa wasubiri.

Barbara Johns, msichana wa miaka 16, alichoka kusubiri. Alikuwa mtoto wa ndugu wa Vernon Johns, mhubiri mkali aliyelichunga Kanisa la Dexter Avenue la Montgomery kabla ya Martin Luther King. Aliteua wenzake wachache, wakapanga kwa siri kwa miezi kadhaa. Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu alipigiwa simu na kuambiwa kwamba wanafunzi wake wako matatani katika kituo cha mabasi. Alipoondoka, shule nzima iliitwa katika ukumbi wa mikutano. Pazia lilipofunguliwa, aliyesimama jukwaani alikuwa Barbara. Aliwaomba walimu watoke, akawaeleza wenzake hali wanayoijua wote, kisha akawaongoza kugoma. Mgomo ulidumu wiki mbili.

Wanafunzi walichotaka mwanzoni kilikuwa shule mpya. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walipofika Farmville waliwaambia kwamba watawasaidia kwa sharti moja: wasidai shule bora ya kutengwa, wadai utengano wenyewe ufutwe. Watoto na wazazi wakakubali. Kesi ilifunguliwa tarehe 23 Mei 1951 kwa niaba ya wanafunzi 117, ikabeba jina la Dorothy Davis, binti wa miaka 14 aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Kati ya kesi tano zilizounganishwa katika hukumu ya Brown, hii peke yake ilizaliwa na mgomo wa wanafunzi.

Malipo yalikuja haraka. Boyd Jones alipoteza kazi. Barbara alipelekwa Montgomery kwa ami yake Vernon, kwa kuhofia usalama wake. Na kaunti, iliyokuwa ikisema haina fedha, ikazipata: mwaka 1953 jengo jipya la Moton lilifunguliwa, kwa gharama ya zaidi ya dola 800,000. Ukumbi wa michezo ulikuwapo, maabara zilikuwapo. Kilichotakiwa ni kwamba watoto Weusi waridhike kubaki peke yao.

Tarehe 17 Mei 1954, katika hukumu hiyo ya Brown, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha Katiba. Wanasiasa wa Virginia, wakiongozwa na Seneta Harry F. Byrd, waliapa kuipinga hukumu hiyo kwa kila njia. Prince Edward ilivuka mipaka yote. Mwaka 1959, ilipoamriwa kuunganisha shule, halmashauri ya kaunti ilikataa kutenga hata senti moja kwa ajili ya shule za umma, na milango yote ikafungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa miaka mitano ya watoto ilipotea daftari likiwa wazi mezani.

Wazungu walio wengi waliingia shule ya binafsi iliyoanzishwa mara moja, na baadaye wazazi wao wakapata ruzuku ya ada na nafuu ya kodi. Watoto Weusi takriban 1,700 walibaki bila shule. Baadhi walipelekwa kwa jamaa au kwa wafadhili katika majimbo mengine, wengine wakafundishwa kidogo katika vyumba vya chini vya makanisa. Wengi walikwenda mashambani, na wapo ambao hawakurudi darasani tena. Mwaka 1963, kwa msukumo wa serikali ya Rais Kennedy, zilifunguliwa shule za bure kwa michango ya watu binafsi. Walimu walilazimika kuacha mpangilio wa madarasa kwa umri, maana walipokea watoto wakubwa wasiojua kusoma.

Tarehe 25 Mei 1964, katika kesi ya familia ya Mchungaji Griffin, Mahakama Kuu ilisema kwamba kaunti inaweza kulazimishwa kutoza kodi na kufungua shule. Hukumu ya 1954 ilikuwa imeitaja haki. Hii iliitafutia fedha. Shule zilifunguliwa mwaka huo, na Moton ikaja kuitwa Shule ya Sekondari ya Kaunti ya Prince Edward. Jengo la 1939 liliendelea kutumika kama shule ya msingi hadi miaka ya 1990, na tangu 2001 ni makumbusho.

Barbara Johns alikuwa mkutubi hadi alipofariki mwaka 1991. Sanamu ya Jenerali Robert E. Lee ilipoondolewa katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 2020, Virginia ilimchagua yeye achukue nafasi hiyo. Heshima hiyo anaistahili. Lakini kwangu tukio zito zaidi ni la 2004, Virginia ilipoanzisha mfuko wa kuwasomesha walionyimwa masomo shule zilipofungwa ili zisiunganishwe. Mtoto aliyekuwa na miaka saba milango ilipofungwa alikuwa amefika 52. Virginia ilitenda haki kukiri deni lake, na waliorudi kusoma wakiwa na mvi wanastahili sifa zote. Hata hivyo, miaka ya utoto hailipiki. Ndiyo maana fungu la shule linapaswa kulindwa siku linapojadiliwa, kabla halijapigiwa kura, kama walivyolidai wanawake wa Farmville na kama walivyoligomea watoto wao.