Land Rover za Nyanda za Juu Kusini: historia iliyoandikwa kwa spana

Ukikuta Land Rover 109 inapanda kutoka Isyonje kwenda Kitulo imejaa magunia ya viazi, usiharakishe kusema hilo ni gari la Kiingereza. Bodi huenda ni ya miaka ya 1970, lakini injini yaweza kuwa ya Toyota, bushi zimechongwa kwenye tairi kuukuu, na chasisi imechomelewa viraka mbele na nyuma. Gari la namna hiyo lina historia mbili, ya kiwanda na ya mafundi wa Mbeya na Iringa. Ya kwanza imeandikiwa vitabu. Ya pili imebaki midomoni mwa wazee.

Ya kiwanda haichukui muda kuisimulia. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, vipande vilivyonyooka vinavyofungwa kwa bolti juu ya chasisi ya chuma. Shida hiyo ya Waingereza ikawa neema kwa fundi wa Tanganyika. Madigadi iliyopondeka aliifungua kwa spana, akaigonga ikanyooka, akairudisha. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Kinachooza ni chasisi, nayo huchomelewa.

Ufundi wenyewe ulikuwa na shule. Ifunda, mkoani Iringa, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pakawa na shule ya ufundi iliyofundisha vijana wa Kiafrika kazi za mikono. Wengine walijifunzia misheni, wengine kwenye karakana za mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, wakianza kwa kuosha vipuri na kumshikia fundi taa.

Kisha ikaja barabara. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na mafuta ya Zambia, yaliyokuwa yakipitia huko, yakalazimika kupita Tanzania. Malori yalitoka Dar es Salaam, yakapanda mlima Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, sehemu kubwa ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Madereva wa Zambia waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipunguza mzigo huo kuanzia 1968, lami ikafuata, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Lakini Iringa na Mbeya zilikuwa zimekwisha kuwa miji ya gereji.

Shule kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa uhaba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita dhidi ya Idi Amin vikafuata, bei ya mafuta ikapanda tena 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Spea zikawa adimu kama sukari. Gasketi ilikatwa kwenye karatasi ngumu na kupakwa grisi. Tangi lililovuja lilizibwa kwa sabuni ya mche, kwa sababu petroli haiiyeyushi kwa urahisi. Betri ikifa, gari liliwashwa kwa hendeli. Gari moja lililokufa liligawanywa likahuisha matatu. Hadi serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, kizazi kizima cha mafundi kilikuwa kimejifunza kutengeneza badala ya kubadilisha tu.

Spea zilipopatikana, wakaanza kuboresha. Injini ya dizeli ya Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu, tena zikipimwa usawa wa bahari. Mbeya iko mita 1,700 hivi, ambako hewa imepungua kwa karibu moja ya tano. Kitulo, mita 2,600, imepungua kwa zaidi ya robo. Dizeli isiyo na turbo hupumua kwa shida huko. Mafundi wakageukia injini za Kijapani, hasa 1HZ ya Toyota yenye lita 4.2 na pistoni sita. Wakakereza bamba la kuiunganisha na giaboksi, wakahamisha vishikio vya injini, wakaongeza mabamba ya springi kubeba uzito.

Hapa nasema bila kuzunguka. Kuongeza nguvu bila kugusa breki ni hatari kwa roho za watu. Land Rover 109 ilitoka kiwandani na breki za drami magurudumu yote manne, na ekseli zake za nyuma za awali zilijulikana kwa kukatika. Fundi mzuri huanza na ekseli na breki, injini baadaye, maana mlima unaopandwa ndio utakaoteremkwa, na Kitonga haimsamehe mtu.

Kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kilifunga hesabu ya Defender, mrithi wa magari hayo, Januari 2016. Mwaka huohuo Boma la Iringa, jengo la Wajerumani, lilifunguliwa kama makumbusho. Naliomba litenge nafasi ya chasisi moja iliyochomelewa na boksi moja la spana, na vyuo vya ufundi vya VETA vya Mbeya na Iringa viwapeleke wanafunzi kwa mafundi wastaafu wakiwa na daftari. Nawe msomaji, kama baba au babu yako alikuwa fundi, dereva au utingo kwenye barabara hizi, keti naye mwaka huu umrekodi. Simu yako inatosha.