Sindano ya ganzi kisogoni: Nafuu ya muda kwa maumivu sugu ya kichwa

MTU anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, huhesabiwa na madaktari kuwa na maumivu sugu. Wengi wa wagonjwa hao wana kipandauso, na wengi huishi kwa kumeza vidonge.

Hapo ndipo tatizo la pili huzaliwa. Dawa za kutuliza maumivu zikitumiwa kupita kiasi hugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa, mgonjwa wa kichwa huingia katika hatari hiyo akimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa zenye kodeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu.

Njia mojawapo inayotumika kumsaidia mgonjwa wa aina hiyo ni sindano ya kuzuia neva.

Inavyofanya kazi

Daktari huchoma dawa ya ganzi, kama vile lidokaini au bupivakaini, karibu na neva kubwa ya kisogo. Neva hiyo huchomoza kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya shingo, kisha hupanda hadi katika ngozi ya kichwa. Sindano haiingii ndani ya fuvu wala katika uti wa mgongo, na kazi yote huchukua dakika chache.

Huenda mtu akauliza: sindano ya kisogoni itatulizaje maumivu ya paji la uso? Jibu ni kwamba hisia za kisogo na zile za paji la uso na macho hupokewa mahali pamoja, pale shina la ubongo linapoungana na uti wa mgongo. Upande mmoja ukinyamazishwa, mwingine nao hupoa.

Ganzi yenyewe huisha baada ya saa chache, lakini nafuu huweza kudumu siku kadhaa au hata wiki kadhaa. Katika muda huo mgonjwa hupata nafasi ya kupunguza vidonge na kuanza tiba ya kinga.

Ushahidi na mipaka yake

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu maumivu makali ya upande mmoja, kuzunguka jicho, yajayo kwa vipindi na kuandamana na machozi. Kwa maradhi hayo dawa inayochomwa kisogoni ni steroidi, na mwaka 2016 wataalamu wa Marekani waliipa daraja la juu kabisa la ushahidi. Kwa kipandauso matokeo yamepishana: utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 haukuona tofauti kati ya sindano yenye dawa na ile ya kulinganishia, ilhali tafiti nyingine zimeonyesha nafuu.

Sindano hii isichanganywe na ile ya Botox, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa kipandauso sugu. Hiyo huchomwa sehemu 31 za kichwa na shingo, kila baada ya wiki 12.

Tahadhari

Madhara ya kawaida ni maumivu mahali palipochomwa, kizunguzungu na ganzi ya ngozi ya kichwa. Steroidi huweza kunyonyoa nywele mahali hapo na kupandisha sukari kwa wenye kisukari. Mgonjwa amweleze daktari iwapo ana mzio wa dawa za ganzi, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au amewahi kufanyiwa upasuaji wa fuvu.

Aidha, sindano isitangulie uchunguzi. Maumivu yaliyozuka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, yenye homa na shingo kukakamaa, yanayoambatana na kupooza au kuchanganyikiwa, au yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50, yanahitaji hospitali kwanza.

Anayepata nafuu baada ya sindano anashauriwa asiurudie mkebe wa vidonge, bali apange na daktari wake namna ya kuviacha.