Kinanda cha Mburahati

Mwaka 2024 wanamuziki wa singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, Sisso na Maiko, walitoa albamu yao ya pamoja, Singeli Ya Maajabu, chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wahakiki wa Ulaya wanapoandika juu ya singeli, jambo la kwanza huwa kasi. Na kasi ipo kweli: ngoma nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, nyingine hukaribia 300. Hapo kalamu hukimbilia muziki wa gabber wa Rotterdam au footwork wa Chicago.

Ulinganisho huo ni wa heshima, lakini unamtafutia mtoto ukoo ugenini wakati wazee wake wapo Tandale, Manzese, Mbagala na Tandika, mitaa ya jiji hilohilo la Dar es Salaam.

Wazee hao ni ngoma za Wazaramo na majirani zao wa Pwani, mdundiko na vanga zikiwamo. Mwali anapotolewa, mdundiko hauketi mahali pamoja. Unatembea, na mtaa mzima unaufuata. Mpigaji anacheza na pumzi za watu: wakichangamka, anakoleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa uswahilini wakaongeza kinanda kidogo cha Casio juu ya ngoma hizo, sauti yake wakaipitisha kwenye spika za honi mpaka ikakwaruza. Huo ndio mchiriku. Redio haikuupa nafasi, ukasambaa kwa kaseti, ukiimba ukata, mapenzi na dawa za kulevya. Kundi la Jagwa Music liliufikisha hadi Ubelgiji, ambako lebo ya Crammed Discs ilitoa albamu yao, Bongo Hotheads, mwaka 2012.

Singeli nayo ilizaliwa kwenye shughuli za uswahilini hukohuko. Katika vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, DJ alikata kipande cha ala cha taarabu, akakizungusha, akakiongeza kasi, na MC akamwaga maneno juu yake. Palipohitajika kundi zima la wapigaji, sasa walitosha watu wawili na kompyuta. Viongozi wa serikali walivipiga marufuku vigodoro zaidi ya mara moja, wakivihusisha na uhuni. Muziki haukusubiri ruhusa. Mwimbaji Msaga Sumu alikwishajijengea jina, kisha EFM, redio iliyoanza mwaka 2014, ikaupigia debe, na kufikia 2016 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulikuwa unasikika hata kwenye nyumba zilizokuwa zikiudharau.

Studio ya Sisso iko Mburahati, jijini humohumo. Hapo ndipo ulipotoka mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, uliowafungulia mlango wasikilizaji wa nje. Zikafuata albamu za Poaa ya Bamba Pana na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2018, kisha Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019.

Hapo singeli ikapata mahakama mbili. Nyumbani anayehukumiwa kwanza ni MC: ana maneno gani, anamsema nani, anawainua watu kwenye viti au anawaacha wamekaa? Nje, msikilizaji asiyejua Kiswahili hubaki na mdundo peke yake, na ndiyo maana mhakiki huishia kuhesabu mapigo. Hilo si kosa la masikio yake, ila hukumu inayotolewa bila maneno ni nusu ya hukumu.

Singeli Ya Maajabu inastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu imeweka ala mbele. Sisso anashika midundo, Maiko kinanda, na kinanda hicho hakipambi tu. Kinaongoza, kinazunguka na kujibizana na ngoma kama MC angefanya. Aliyekulia kwenye mchiriku atamtambua babu yake humo bila kuelekezwa. Mhakiki anayetaka kuipima albamu hii kwa haki aanze na kaseti za Casio za miaka ya 1990, ndipo aende Rotterdam.