Kulala Safarini Ukanda wa Ghuba ya Mnazi na Mto Ruvuma: Mambo ya Kuzingatia kwa Wasafiri wa Magari

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Msafiri anayefika katika nyumba ya kulala wageni mjini Mtwara au Mikindani hujaza daftari kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Huandika jina lake, mahali anakotoka, anakokwenda na tarehe ya kuondoka. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu, lakini daftari hilo ndilo linalojibu swali la kwanza pale mtu anapotafutwa: alilala wapi mara ya mwisho?

Msafiri anayelala ndani ya gari lake, au katika hema lililofungwa juu ya paa la gari, hana daftari la namna hiyo. Wasafiri wa aina hii huonekana katika barabara za Kusini. Baadhi ni wageni wanaovuka bara la Afrika kwa magari yaliyotengenezwa kuwa nyumba ndogo, wengine ni Watanzania wanaotembelea fukwe za Msimbati pamoja na familia zao, na wengine ni madereva wa maroli wanaolala kando ya mizigo yao katika msimu wa korosho. Makala hii inaeleza mambo ambayo kila mmoja wao anapaswa kuyafahamu kabla giza halijaingia.

Eneo linalohusika

Ukanda unaozungumziwa unaanzia kusini mwa Mji wa Mtwara hadi kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, mto ambao kwa sehemu kubwa ya urefu wake ni mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji. Ndani yake zimo kata za Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara kama vile Ziwani, Madimba, Msimbati na Mahurunga. Msimbati ipo zaidi ya kilometa 40 kutoka mjini, na kivuko cha Kilambo kipo umbali unaokaribia huo kwa upande wa kusini.

Umbali huo si mkubwa, lakini usimpotoshe msafiri. Ukishatoka mjini, huduma za mafuta, ufundi wa magari na fedha hupungua haraka. Sehemu za njia ni mchanga mzito, na mvua hugeuza baadhi ya mabonde kuwa tope. Inashauriwa kujaza mafuta mjini, kubeba maji ya kunywa ya kutosha walau siku mbili, tairi la akiba, koleo na kamba ya kuvutia gari.

Historia inatukumbusha kwamba kulala njiani si jambo geni kwa wakazi wa Kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria wa kutoka Dar es Salaam waliweza kulala Ndundu, kando ya Mto Rufiji, wakisubiri kivuko. Kilometa 60 za Ndundu hadi Somanga nazo zilichelewa kupata lami, na masika yalipochanganya watu walilala ndani ya mabasi. Hata baada ya lami kukamilika, Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo katika maeneo ya Kilwa, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Hivyo, anayekwenda Kusini kwa gari anapaswa kuwa na mpango wa usiku ambao hakuupangia.

Hifadhi ya Bahari

Sehemu kubwa ya pwani hii ipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Hifadhi hii ina ukubwa wa kilometa za mraba 650, zikijumuisha bahari, visiwa, mikoko na nchi kavu. Tofauti na hifadhi nyingi za wanyamapori, vijiji vimo ndani yake na wananchi wanaendelea na uvuvi na kilimo kwa kufuata kanuni.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayetaka kuweka kambi ufukweni anapaswa kuanza katika ofisi ya Hifadhi. Huko atapata kibali, atalipa tozo kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali na kudai stakabadhi, na ataelekezwa mahali panaporuhusiwa. Mtu yeyote anayedai fedha ufukweni bila kutoa stakabadhi hana mamlaka ya kufanya hivyo.

Masharti ya kambi yana sababu zake. Kasa wa kijani na ng'amba hutaga mayai katika fukwe hizi wakati wa usiku. Gari linalopita juu ya mchanga mkavu hushindilia viota visivyoonekana kwa macho. Taa kali nazo huwapoteza vifaranga: wanapoanguliwa hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na wakiona taa ya kambi huelekea nchi kavu na kufa. Kwa hiyo zima taa zinazoelekea ufukweni, na usiendeshe gari ufukweni isipokuwa pale ulipoelekezwa na watumishi wa Hifadhi.

Aidha, ni marufuku kukata mikoko kwa ajili ya kuni. Mikoko husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hairuhusiwi kuvunwa bila kibali. Matumbawe na makombe hayaondolewi. Ghuba hii ina zaidi ya aina 250 za matumbawe magumu, nayo ndiyo makazi ya samaki wanaowalisha wakazi wa vijiji vinavyokupokea. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Taka nyingine zote zirudishwe mjini.

Maji kujaa na kupwa

Makosa mengi ya wageni wa pwani hutokana na kutojua mwendo wa maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika pwani hii huzidi meta tatu. Ufukwe uliokuwa mpana saa 12 jioni unaweza kuwa chini ya maji usiku wa manane.

Kanuni ni rahisi. Tafuta mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya mwisho, kisha egesha gari juu zaidi ya mstari huo. Ukikosa uhakika, muulize mvuvi. Mvuvi anajua leo ni bamvua au ni maji mafu bila kutazama karatasi.

Kivuko cha Kilambo nacho hutegemea kina cha maji mtoni. Atakayefika wakati maji hayatoshi atalazimika kusubiri, na pengine kulala upande huu. Asilale ukingoni. Mto Ruvuma una mamba na viboko, na viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni kwa kupitia njia zao zilezile. Hema lililowekwa katika mapito hayo huhatarisha maisha. Kambi iwe mbali na maji, karibu na makazi ya watu.

Ulinzi wa mpaka

Hali ya usalama katika Mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambao ni jirani wa Mtwara, imeathiriwa na mashambulizi tangu Oktoba 2017. Mwezi Oktoba 2020 athari hizo zilivuka mto, pale kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kiliposhambuliwa. Vyombo vya ulinzi na usalama viliimarisha doria, na wananchi wa vijiji vya mpakani wamekuwa sehemu muhimu ya ulinzi huo kwa kutoa taarifa.

Msafiri anapaswa kuelewa jambo hili kwa upande wa mwenyeji. Katika kijiji cha mpakani, gari lisilojulikana lililoegeshwa porini usiku ni jambo la kutolewa taarifa, na mwananchi anayetoa taarifa hiyo anatimiza wajibu wake. Kuamshwa na askari saa nane za usiku si uonevu. Ni matokeo ya msafiri kutojitambulisha mchana.

Anayetaka kuvuka mpaka apate kwanza taarifa za siku hiyo kutoka Idara ya Uhamiaji na Jeshi la Polisi. Abebe pasipoti, kadi ya gari, nyaraka za forodha na bima ya gari inayokubalika nchini Msumbiji. Mbali na Kilambo, ipo njia ya Daraja la Umoja katika eneo la Mtambaswala, Wilaya ya Nanyumbu. Daraja hilo lenye urefu wa meta 720 lilifunguliwa mwezi Mei 2010 na Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza, na halitegemei kujaa kwa maji. Vilevile, wasafiri waepuke kuegesha au kupiga picha karibu na miundombinu ya gesi asilia iliyopo Madimba na Msimbati.

Utaratibu wa kujitambulisha

Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hivyo, hata pori lisilo na uzio wala kibao lina mwenyewe. Msafiri anayekusudia kulala nje ya nyumba ya wageni anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Afike kijijini kabla ya saa 11 jioni. Jua huzama muda mfupi baada ya saa 12, na giza huingia haraka.

2. Aende moja kwa moja kwa Mtendaji wa Kijiji. Asipomkuta, amwone Mwenyekiti wa Kijiji au wa Kitongoji.

3. Aonyeshe kitambulisho, ataje idadi ya watu walio katika gari, namba ya gari, anakotoka na anakokwenda.

4. Aombe kuoneshwa mahali pa kulala, badala ya kujichagulia.

5. Amwachie ndugu au rafiki jina la kijiji na namba ya simu ya kiongozi aliyempokea.

6. Asubuhi aage. Aliyeondoka bila kuaga huwaacha wenyeji wakijiuliza kama yuko salama.

Masharti mengine ni ya kawaida lakini yanaokoa maisha. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria, hivyo chandarua ni lazima hata ndani ya gari. Msimu wa mvua huanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili au Mei, na mwishoni mwake vimbunga vya Bahari ya Hindi vinaweza kusogea. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado wakati Mtwara ikiwa katika tahadhari. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na onyo likitolewa, ondoka ufukweni mara moja na uelekee sehemu za juu.

Kwa dharura, piga 112 kwa Polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kumbuka kwamba mtandao wa simu haupatikani kila mahali. Pasipo na mtandao, msaada wa kwanza ni jirani. Na jirani humsaidia mtu anayejua kwamba yupo.

Wakazi wa mkoa huu wana msemo wao, "Mtwara kuchele", maana yake kumekucha. Jioni moja ya kujitambulisha, ambayo haichukui hata nusu saa, ndiyo inayomwezesha mgeni kuamka salama na kuusikia ukitamkwa na mwenyeji aliyempokea.