Bei ya Kura, Bei ya Kauli

Wahenga walisema, kesi ya ngedere hakimu nyani. Msemo huu tunaupiga kila siku vijiweni, tena kwa kicheko, lakini mara nyingi tunamtazama nyani peke yake. Hatuulizi: hivi ni nani aliyempeleka ngedere mahakamani? Nani aliamua kwamba huyu ashtakiwe na yule aachwe? Hakimu hawezi kusikiliza kesi ambayo haikuletwa. Kabla yake kuna mtu mwingine, mwendesha mashtaka, na kalamu yake ndiyo inayoanza kuufungua mlango wa lupango.

Kijana wa Ngamiani humpigia kura mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge na Rais. Mwendesha mashtaka hampigii. Sehemu nyingi za Marekani wanampigia, wilaya kwa wilaya, na anafanya kampeni kama mbunge. Basi wako wanaosema: na sisi tufanye hivyo, haki itakuja. Mimi nasema tuvute subira kwanza, turudi nyuma mpaka mwaka 1958. Mwaka ule sanduku la kura na hati ya mashtaka vilipita njia moja katika nchi hii, na vyote viwili vilikuwa na bei moja.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa kama mpaka. Upande wa bahari kulikuwa na bandari, maofisi na maduka makubwa, na mbele zaidi, kule Raskazone, nyumba za Wazungu. Upande wa pili ni Ngamiani, mji wa Waafrika, ambao barabara zake zilipewa namba badala ya majina. Waliishi makuli, mafundi, wachuuzi, na watu waliotoka kwenye mashamba ya mkonge kutafuta maisha ya mjini.

Septemba 1958 Tanga ilikuwa miongoni mwa majimbo matano ya kwanza ya Tanganyika kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Majimbo mengine matano yalifuata Februari 1959. Ukisikia hivyo utadhani Ngamiani nzima ilipanga foleni. Wapi! Sheria ilimtaka mpiga kura awe na umri wa miaka 21, na juu ya hapo awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amewahi kushika wadhifa fulani uliotajwa. Pauni 150 za wakati ule ni shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Mkata mkonge angezitoa wapi? Kabwela aliyebeba magunia bandarini angezitoa wapi?

Na huyo aliyebahatika kuandikishwa hakuwa huru. Alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, kura imeharibika. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, na Wazungu kama elfu 20 tu. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa sawa kwa sawa, kumi kwa kila kundi. Huo ndio mchezo uliobatizwa kura tatu. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 nusura upasuke kwa ajili yake. Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie uchaguzini hivyo hivyo, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, African National Congress. Mwishowe wagombea wa TANU na waliotetewa na TANU walizoa viti. UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kiliambulia patupu.

Lakini katikati ya mkutano wa Tabora na siku ya kura kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka. Mei 1958 Nyerere aliandika makala katika Sauti ya TANU, jarida dogo la chama. Humo aliwalaumu mabwana shauri kwa namna walivyokitendea chama chake wilayani mwao. Serikali ikamshtaki kwa kosa la jinai la kashfa. Kesi ilianza Julai, Dar es Salaam. Upande wa utetezi alikuwapo D. N. Pritt, wakili Mwingereza ambaye miaka michache kabla alimtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, pamoja na mawakili Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Agosti hukumu ikatoka: ana hatia. Alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa.

Sasa msomaji, rudi juu kidogo utazame ile hesabu. Shilingi 3,000. Pauni 150. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa mezani akapanga zilingane. Lakini zililingana, na zinatufundisha. Katika mwaka mmoja, Serikali ile ile ilimwambia Mwafrika kwamba akiwa na pauni 150 kwa mwaka atapata kauli katika kuchagua, na akitoa kauli asiyotakiwa kuitoa, atalipa pauni 150.

Tuwe waadilifu. Kesi ile ilisikilizwa hadharani. Mshtakiwa alikuwa na mawakili, tena mahodari. Ukiangalia ndani ya chumba cha mahakama tu, unaweza kusema mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mimi naangalia kilichotangulia. Mlalamikaji alikuwa ofisa wa Serikali. Aliyeamua kushtaki alikuwa wa Serikali hiyo hiyo. Na bwana shauri mwenyewe, huko wilayani, alikuwa mtawala na pia alikuwa na madaraka ya hakimu. Je, kama raia wa kawaida angedai kwamba bwana shauri kamwonea, nani angemfungulia bwana shauri mashtaka? Na asipofunguliwa, nani angeulizwa kwa nini? Uonevu mwingine haumo katika kesi iliyoletwa, umo katika ile ambayo haikuletwa kabisa. Na hiyo haina hukumu wala rufaa, kwa hiyo haiandikwi popote.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 na miaka iliyofuata, bei ya kura iliondoka. Mtu mzima ni mtu mzima, awe na kitu awe kapuku. Kwa hilo tuliwashinda wakoloni. Lakini kiti cha mwendesha mashtaka kilibaki cha kuteuliwa kutoka juu, na kwa miaka mingi katika mahakama za chini polisi waliendelea kukamata, kupeleleza na kusimama kuendesha mashtaka wao wenyewe. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Sheria ya mwaka ule iliunda mahakama maalumu ambako mshtakiwa hakuruhusiwa wakili wala dhamana. Mwaka uliofuata ilifutwa, ikaja sheria nyingine iliyorudisha utaratibu wa mahakama. Hata hivyo sheria hiyo ya 1984 iliweka sharti kwamba kesi ya uhujumu uchumi haiwezi kusikilizwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Ufunguo mmoja, mfuko mmoja.

Je, dawa ni kura kama Marekani? Tuwatazame. Agosti 2014 polisi alimuua kijana Michael Brown katika mji wa Ferguson, kaunti ya St. Louis. Mwendesha mashtaka wa kaunti, Bob McCulloch, alikuwa kitini tangu 1991. Yule polisi hakushtakiwa. Agosti 2018 McCulloch aliangushwa katika kura za mchujo za chama chake na Wesley Bell, na Bell akachukua ofisi. Huo ni uwajibikaji wa kushikika kwa mkono. Lakini hesabu miaka: 27 kitini, na minne kati ya kifo kile na kura ile. Tena huko huko wagombea wengi wa kazi hiyo hupita bila kupingwa. Na anayetafuta kura anaweza kufunga watu ili apigiwe makofi. Fikiria Tanga ya 1958 ingekuwa na uchaguzi wa mwendesha mashtaka, kwa wapiga kura wale wale wa pauni 150. Kabwela wa Ngamiani angenufaika na nini?

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inataka Mkurugenzi wa Mashtaka apendekezwe, athibitishwe na Bunge, kisha akae miaka minane basi, bila kurudia. Na akitaka kuiondoa kesi mahakamani, sharti aombe ruhusa ya mahakama. Yaani aseme sababu, mbele ya watu.

Sisi tumepiga hatua, tusijidharau. Mabadiliko ya Katiba ya 2005 yaliingiza ibara ya 59B, inayosema Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, asiingiliwe na mtu yeyote, na azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Sheria ya mwaka 2008 ilianza kutenganisha upelelezi na uendeshaji mashtaka. Mwaka 2018 ofisi yake ikasimama peke yake. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kifungu kilichompa Mkurugenzi uwezo wa kumzuilia mtu dhamana kwa hati yake tu kilikuwa kinyume cha Katiba. Hata hivyo anateuliwa na Rais, bila kupita Bungeni. Na akiamua kuondoa mashtaka kabla ya hukumu, sheria ya mwenendo wa jinai haimlazimishi kuomba ruhusa kwa hakimu, na kwa miaka mingi kuachiwa huko hakukumkinga mtu asikamatwe tena kwa jambo lile lile.

Basi ninachodai si kwamba mabango ya mwendesha mashtaka yabandikwe kwenye barabara zetu zenye namba. Uhuru bila kuulizwa unaota kiburi, na kura bila sababu zilizoandikwa ni makofi tu. Ninachodai ni sababu: umeshtaki kwa nini, umeacha kwa nini, umeondoa kwa nini. Sababu hizo ziandikwe na zisomeke.

Na nyinyi mnaotaka kuwa waandishi, msidhani hii ni kazi ya mawakili peke yao. Ile kesi ya 1958 ilitokana na makala katika jarida dogo, pengine dogo kuliko hili ulilolishika. Milango ya mahakama iko wazi kwa raia. Nenda ukakae kwenye benchi la nyuma na daftari lako. Andika nani kaletwa, nani kaachiwa, na kama kuna yeyote aliyeuliza kwa nini.