Ustawi wa mtu karibu na mwisho wa maisha

Mtu anavyoridhika na maisha na anavyoiona afya yake hubadilika kadiri kifo kinavyokaribia, na mara nyingi muda uliobaki hueleza mabadiliko hayo vizuri zaidi kuliko umri. Takwimu za Ujerumani zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kuridhika kukiporomoka kwa kasi takriban miaka 4 kabla ya kifo. Hivyo, mzee anaposema "sijisikii vizuri", asikilizwe hata kama vipimo havijaonyesha kitu.

Kenya ina ushahidi wake kuhusu kinachowasumbua watu wanaokaribia kufa. Utafiti wa mwaka 2003 ulilinganisha wagonjwa wa saratani wa Scotland na wa Chogoria, ambayo sasa iko katika kaunti ya Tharaka Nithi. Wale wa Scotland walisumbuliwa hasa na wazo la kufa, ingawa maumivu yao yalitulizwa. Wa Chogoria walitaabishwa na maumivu yenyewe na gharama za matibabu, huku jamaa, majirani na waumini wenzao wakiwafariji. Hili linahuzunisha, kwani morfini ya kunywa ni dawa ya bei nafuu ya kutuliza maumivu: mgonjwa huwa amekwisha kupata amani moyoni, na bado hukesha akiugulia.

Kwa familia za Nkoroi, katika kaunti ya Kajiado, mojawapo ya vituo vikongwe vya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ni Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Tiba hiyo hufaa tangu ugonjwa mzito unapogunduliwa, sambamba na matibabu mengine. Familia zisingoje siku za mwisho kuiomba.