Mtendeni ya Unguja, Mtendeni ya Tabora

Jana usiku umeme ulikatika, tukabaki na porojo. Rumeti wangu Mzanzibari akaanza utani: "Nyie Wanyamwezi hata majina ya mitaa mmetuibia!" Akahesabu kwa vidole: Mtendeni, Ng'ambo, Kidongo Chekundu. Kweli bwana, yote yapo mjini Unguja na yote ni kata za hapa Tabora. Nikakosa jibu, nikalala nimenuna.

Leo nimeshinda maktaba. Sikilizeni.

Kwanza, hatukuwa bila majina. Itetemia ilikuwa makao ya mtemi wa Unyanyembe. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 mji waliuita Kazeh. Na Tabora yenyewe? Wazee husema imetokana na matoborwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa, vinaanikwa. Chakula kisichooza haraka, yaani chakula cha safari!

Pili, Kiswahili kilifikaje huku? Shuleni tulikaririshwa kwamba Waarabu ndio walikileta. Ni kweli, ila nusu tu. Misafara ya Wanyamwezi ilishafika pwani na pembe za ndovu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu hawajajenga Unyanyembe. Baadaye babu zetu wakawa wapagazi, Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu, zaidi ya kilometa 700. Mtu anayekwenda na kurudi hivyo harudi na shanga na vitambaa tu, anarudi na maneno pia. Mimi naamini majina ya pwani yaliingia Tabora kwa midomo ya wapagazi vilevile, siyo ya matajiri peke yao.

Tena jina lina umri. Chukua kata ya Tambukareli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, kwa hiyo jina hilo haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Ndipo mzigo ulipoanza kushuka mabegani mwa watu.

Kwa nini najisumbua? Hivi karibuni naenda mazoezi ya kufundisha. Sitaki mtoto wa Form Two atoke darasani akidhani babu yake alikuwa punda wa mizigo tu kwenye historia ya mtu mwingine. Nitawaambia waanze na jina la mtaa wao.

Jioni nikamjibu rumeti: "Hatukuiba, tulibeba." Akacheka: "Basi rudisheni!" Nikamkaribisha matoborwa. Kala sahani nzima.

Kesho nina test, niombeeni.